Harry Hess: Nahodha aliyegoma kuzima kipima kina

Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, meli ya Marekani USS Cape Johnson ilikuwa ikibeba wanajeshi kuvuka Pasifiki. Ilifungwa kipima kina, chombo kinachotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi ukirudi, ili isikwame inapokaribia ufukwe. Harry Hess, ofisa wa meli hiyo na baadaye nahodha wake, alikiacha kimewashwa safari nzima, usiku na mchana.

Kumbe jamaa alikuwa mwanajiolojia. Alizaliwa New York mwaka 1906, akasoma Yale, ambako somo la madini alilifeli mara ya kwanza na kuambiwa halimfai. Hakusikia. Alipohitimu alikwenda kutafuta madini Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na hatimaye akawa mwalimu Princeton. Vita vilipoanza alipewa kazi ya mezani, kukisia zilipo nyambizi za Ujerumani kwenye Atlantiki. Akaomba apelekwe baharini.

Huko, kati ya vita vya Iwo Jima na visiwa vingine, kipima kina kilimchorea kitu cha ajabu: milima iliyozama, vilele vyake bapa kama meza. Alihesabu kama 160. Mwaka 1946 aliitangaza, akaipa jina la Guyot, mwanajiografia wa zamani wa Princeton. Ilimchukua hadi 1962 kueleza ilizamaje: sakafu ya bahari huzaliwa kwenye matuta ya katikati, husogea taratibu huku ikishuka, na milima huenda nayo.

Hess alifariki Agosti 1969, akiwa anaongoza kikao cha wanasayansi wa anga.

Leo milima ya aina hiyo ina kazi nyingine. Mawimbi ya GPS hayapenyi maji ya bahari, hivyo roboti inayosafiri chini hupima kina kilicho chini yake na kukilinganisha na ramani iliyobeba. Ikipita juu ya mlima inajua iko wapi. Ikipita kwenye tambarare, inabaki kubahatisha.

Ila ramani lazima iwepo. Januari 8, 2005, kusini mwa Guam, kwenye Pasifiki ileile, nyambizi ya Marekani USS San Francisco iligonga mlima wa chini ya bahari ambao haukuwa kwenye ramani iliyokuwa ikitumika. Makumi ya mabaharia walijeruhiwa, na mmoja akafa.