Leo Fender: Fundi redio aliyeuza jina lake

CLARENCE Leonidas Fender, ambaye wanamuziki wa dunia nzima wanamjua kwa jina la Leo, alizaliwa Agosti 10, 1909 katika shamba la michungwa la wazazi wake, kati ya miji ya Anaheim na Fullerton, jimbo la California, Marekani. Hakuendeleza kilimo cha wazazi. Alikuja kutengeneza magitaa ya umeme na amplifaya zinazobeba jina la ukoo wake, na alipofika umri wa miaka 55 akaliuza jina hilo kwa mkataba. Yaliyolipata jina baada ya hapo yanamhusu hata mfanyabiashara ambaye hajawahi kushika gitaa.

Akiwa na miaka minane alipoteza jicho moja kwa ugonjwa wa uvimbe, akawekewa jicho la kioo. Katika ujana wake aliona redio yenye spika kubwa iliyoundwa na ndugu wa familia yao, na nguvu ya sauti yake haikumtoka kichwani tena. Hata hivyo hakusomea umeme, alisomea uhasibu. Alishika vitabu vya hesabu katika kampuni ya barafu, katika idara ya barabara ya jimbo na katika kampuni ya matairi. Ajira zilipokatika katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alikopa dola 600 na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Duka lile ndilo lililokuwa chuo chake. Wanamuziki wa eneo hilo walimletea amplifaya zilizoungua, naye akafungua moja baada ya nyingine na kuona ni kipuri kipi hufa kwanza na kwa nini. Alikodisha pia vyombo vya kukuza sauti kwa shughuli za watu. Hakujua kupiga gitaa, na hakujifunza hadi anakufa. Pengine hilo lilimsaidia, kwa sababu ilimlazimu kuuliza wanaopiga. Kila kifaa kipya aliwapa wanamuziki wakatumie kwenye kumbi, kisha akasikiliza malalamiko na kurudi mezani.

Mwaka 1945 alianzisha kampuni na mwenzake Doc Kauffman. Kauffman aliogopa madeni, akajitoa mwaka uliofuata. Leo aliendelea peke yake katika miaka migumu, akisaidiwa na mshahara wa mkewe Esther, mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Bidhaa iliyobadilisha kazi ya bendi ilitoka mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba chombo kikubwa kuliko yeye mwenyewe, kisichoingia kwenye gari dogo, na ukumbini hakusikika ngoma na tarumbeta zinapoanza. Leo alitengeneza gitaa la besi la umeme, linalobebwa begani, lenye vizuizi shingoni vya kumwonyesha mpigaji mahali pa noti. Tatizo likahamia kwenye amplifaya. Sauti nene ya besi inahitaji kusukuma hewa nyingi, hivyo inataka nguvu kubwa na spika imara. Amplifaya za kawaida za gitaa hazikuhimili, spika zake zilipasuka.

Mwaka 1952 akatoa amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya besi, akaiita Bassman. Ya kwanza ilikuwa na spika moja ya inchi 15. Katikati ya muongo huo akaibadilisha na kuweka spika nne za inchi 10, na mwishoni mwa miaka ya 1950 nguvu yake ilikaribia wati 50. Jambo ambalo hakulipanga ni kwamba wapiga gitaa la kawaida nao waliipenda, hasa inapofunguliwa hadi sauti ianze kukwaruza. Mjini London, mwaka 1962, duka la Jim Marshall liliifuata Bassman karibu kila kitu katika kutengeneza amplifaya yake ya kwanza. Kutoka hapo likazaliwa jina jingine kubwa katika biashara hiyo.

Ubora wa kazi za Leo haukuwa wa urembo. Shingo la gitaa lake lilifungwa kwa skrubu nne, si kwa gundi, hivyo likivunjika linafunguliwa na kuwekwa jingine. Ndani ya amplifaya vipuri vilipangwa wazi juu ya ubao, na fundi redio yeyote angeweza kuving'oa. Mkulima wa Mutuka, pale Babati, anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Mpini wa jembe ukivunjika unachongwa mwingine, na kazi inaendelea siku hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Leo alikuwa mgonjwa na amechoka. Alikuwa tayari kumwachia kampuni Don Randall, mkuu wa mauzo yake, kwa dola milioni 1.5. Randall, aliyeijua thamani ya jina sokoni kuliko mwenye jina, alimshauri watafute mnunuzi mkubwa. Januari 1965 kampuni ya utangazaji ya CBS ililipa dola milioni 13. Mwaka mmoja kabla, CBS hiyo hiyo ilinunua asilimia 80 ya klabu ya besiboli ya New York Yankees kwa dola milioni 11.2.

Mkataba ulimzuia Leo kushindana na kampuni hiyo kwa miaka kumi. Jina lake la ukoo, kama alama ya biashara, halikuwa lake tena. (Kwa Tanzania Bara, kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni mambo mawili yenye sheria mbili, ingawa yote hufanyika BRELA. Wafanyabiashara wengi wadogo huishia kwenye la kwanza.)

CBS ilikuwa na fedha, na ilitaka bidhaa nyingi kwa gharama ndogo. Mwaka 1966 ilitoa amplifaya za transista, zikiwamo za besi, badala ya valvu. Zilisumbua, wateja wakazikataa, na mwaka 1971 zikaachwa. Mwaka huo huo skrubu za shingo la gitaa aina ya Stratocaster zilipunguzwa kutoka nne hadi tatu. Skrubu moja si fedha nyingi, lakini wapigaji waliona shingo linacheza, wakaanza kutafuta vyombo vilivyotengenezwa kabla ya mauzo ya 1965. Gitaa kuukuu likawa na bei kuliko jipya la kiwandani. Kwa mwenye kampuni, hakuna taarifa ya hesabu mbaya kuliko hiyo.

Hapa Tanzania wapenzi wa dansi wana mfano wao. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, kila mara ikifuata jina la jumuiya ya wafanyakazi iliyomiliki bendi na vyombo. Jina lililobaki ni lile walilolizoea mashabiki.

Mwaka 1981 CBS ilimwajiri Bill Schultz kuokoa hali. Watu wake walinunua magitaa ya zamani, wakayapima na kuyatengeneza upya kwa vipimo vile vile. Skrubu ya nne ikaanza kurudi. Machi 1985 Schultz na wenzake waliinunua kampuni kwa dola milioni 12.5. Majengo ya kiwanda cha Fullerton hayakuwamo katika mauzo. Walichopata hasa ni jina, michoro na akiba ya bidhaa, na kwa muda magitaa mengi yalitoka Japani hadi kiwanda kipya cha Corona, California, kilipoanza kazi. Bei hiyo, dola nusu milioni tu chini ya ile ya 1965, ililipwa kwa kampuni isiyo na kiwanda.

Mwaka 1990 waliirudisha Bassman ya 1959, yenye valvu na spika nne. Haikuwa nakala kamili, kwa sababu ndani ilikuwa na ubao wa saketi uliochapishwa badala ya nyaya zilizounganishwa kwa mkono, na wapo mafundi wasioisamehe hadi leo. Lakini iliuzwa. Katika miaka ya 2010 jina hilo liliwekwa kwenye amplifaya ya besi ya valvu yenye wati 300, huku kampuni ikiwauzia wanaochukia mizigo amplifaya nyingine nyepesi kwa jina la Rumble.

Leo mwenyewe alikuwa upande wa pili wa soko. Alishiriki kuijenga Music Man, iliyotoa gitaa la besi la StingRay mwaka 1976, kisha kampuni ya G&L aliyoanzisha na rafiki yake George Fullerton. Ugonjwa wa Parkinson haukumtoa kazini. Alifariki Machi 21, 1991 akiwa na miaka 81, na chumba chake cha kazi huko G&L kikahifadhiwa kama alivyokiacha.