Ida Pfeiffer: Mwanamke aliyezunguka dunia kwa mapato ya kalamu

MNAMO Machi 22, 1842, mwanamke wa miaka 44 aliabiri meli jijini Vienna na kushuka nayo mto Danube. Jamaa zake walijua kwamba anakwenda Istanbul kumtembelea rafiki. Ukweli ni kwamba alikuwa amenuia kufika Jerusalem, peke yake, na alikuwa tayari ameandika wosia.

Ida Pfeiffer alizaliwa Vienna mnamo Oktoba 1797 katika familia ya mwenye kiwanda cha nguo. Babake alimlea sawa na ndugu zake wa kiume, akivaa na kucheza kama wao. Mzee huyo alipofariki, mamake alimvisha gauni na kumketisha kwenye piano. Baadaye mama huyo huyo alimkataza kuolewa na mwalimu aliyempenda, na mnamo 1820 akaolewa na wakili wa mji wa Lemberg aliyemzidi umri kwa miaka 24.

Wakili huyo alifichua ufisadi wa maafisa wa serikali, na kwa hilo akapoteza kazi. Ufukara ukabisha hodi. Ida alifunza muziki na uchoraji kwa siri ili wanawe wawili wapate chakula. Hamu ya kusafiri aliyokuwa nayo tangu utotoni ilibidi isubiri hadi wana hao walipoweza kujitegemea.

Safari ya Nchi Takatifu na Misri aliigharamia kwa akiba yake ndogo. Hakuwa na nia ya kuwa mwandishi. Aliweka shajara tu. Mchapishaji mmoja wa Vienna ndiye aliyemshawishi kuitoa, na kitabu kikatoka bila jina lake, kwa kuwa haikuwa desturi mwanamke wa tabaka lake kujianika hadharani. Kilinunuliwa sana. Mapato yake yakampeleka Iceland mnamo 1845.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba Bi Pfeiffer hakuwa mtalii wa kawaida. Kabla ya kwenda Iceland alijifunza Kiingereza na Kidenmaki, na pia namna ya kuhifadhi mimea na wadudu. Aliporejea aliuza mawe na mimea aliyokusanya, kisha akauza kitabu. Tangu siku hiyo kila safari ilibeba mizigo miwili ya kuuzwa, maandishi na vielelezo vya viumbe, na mauzo hayo yakawa nauli ya safari iliyofuata. Hakuajiriwa na gazeti wala shirika lolote.

Kati ya 1846 na 1848 aliizunguka dunia kupitia Brazil, Tahiti, China, India na Uajemi. Karibu na Petropolis, nchini Brazil, alivamiwa na mtu mwenye kisu na kujeruhiwa mkono. Karatasi alizozituma nyumbani kutoka njiani zilichelewa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na bila karatasi hakuna kitabu, wala fedha. Hatimaye zilifika, na mnamo 1850 kitabu kikatoka kwa majuzuu matatu.

Safari ya pili ya dunia, 1851 hadi 1855, ilimkuta akiwa na jina, na jina lilikuwa sawa na fedha taslimu. Serikali ya Austria ilimpa ruzuku, maafisa wa Kiholanzi walimkaribisha katika visiwa vya Indonesia ya leo, na alipewa nafasi ya bure katika meli hadi San Francisco. Huko Sumatra aliingia nchi ya Wabatak licha ya kuonywa kwamba wageni huliwa. Walipomzingira wakiwa na silaha, aliwatania kwa maneno machache ya lugha yao kwamba nyama yake ni ya kikongwe, ngumu mno kutafunika. Walicheka wakampisha.

Vyama vya kijiografia vya Berlin na Paris vilimfanya mwanachama wa heshima. Kile cha London hakikupokea wanawake.

Mnamo 1857 alivuka kutoka Mauritius hadi Madagascar akiandamana na Mfaransa Joseph Lambert, ambaye alikuwa akipanga njama ya kumwondoa Malkia Ranavalona wa Kwanza. Njama ilipofichuka, Wazungu waliohusishwa nayo walifukuzwa. Mwendo wa kutoka Antananarivo hadi pwani, ambao ungechukua siku chache, ulinyooshwa makusudi ukawa wa siku 53 katika vinamasi vya homa. Ni adhabu iliyohitaji subira tu, bila upanga. Bi Pfeiffer alikuwa tayari mgonjwa alipoanza mwendo huo, na hakupona tena.

Alirejea Vienna na kufariki Oktoba 1858, akiwa na miaka 61. Shajara ya Madagascar aliiacha bila kuchapishwa. Mwanawe Oscar ndiye aliyeshughulikia kuichapisha mnamo 1861.