Maria Callas: Kilo zilipungua, na sauti je?

Maria Callas, nyota wa opera, alizaliwa New York mwaka 1923, wazazi wake wakiwa Wagiriki. Sauti yake ilijaza kumbi kubwa kama La Scala ya Milan, ila aliona unene unamzuia kuigiza vizuri. Kati ya 1953 na 1954 akapungua zaidi ya kilo 30. Jukwaani akang'ara kweli kweli.

Miaka michache baadaye, sauti ya juu ikaanza kuyumba. Wapo waliodai mwili mwembamba ulikosa nguvu ya kusukuma pumzi. Wengine wakasema hapana, aliichosha sauti kwa nyimbo nzito tangu akiwa binti mdogo.

Opera yake ya mwisho ilikuwa Tosca, London, 1965, akiwa na miaka 41 tu. Alifariki Paris mwaka 1977. Ubishi upo hadi leo.