Charles Proteus Steinmetz (1865–1923)

Mtahiniwa, ukiulizwa jinsi transfoma inavyokingwa dhidi ya radi, mkumbuke Steinmetz. Alizaliwa Breslau, Prussia, akiwa na kibiongo. Mwaka 1888 aliikimbia nchi yake kwa sababu ya siasa zake za kijamaa. Mwaka uliofuata akafika Marekani, ambako baadaye alikuwa mhandisi wa General Electric mjini Schenectady.

Radi iliharibu mitambo na nyaya, lakini haikungoja mtu aipime. Hivyo mwaka 1922 Steinmetz alitengeneza ya kwake maabarani: alichaji kapasita nyingi, kisha akaziachia kwa pamoja, zikatoa mpigo wa volti 120,000. Sasa vizuia radi vingeweza kujaribiwa kabla ya kufungwa kwenye nguzo. Alifariki mwaka 1923.

Vizuia radi vya leo vina oksidi ya zinki. Volteji ikiwa ya kawaida, ukinzani wake ni mkubwa sana. Ikipanda ghafla, ukinzani hushuka na mkondo wa radi hupita kwenda ardhini. Navyo hujaribiwa kwa mipigo ya maabarani.

Zingatia: ukitaja ardhi bila kueleza ukinzani unavyobadilika, jibu lako halijakamilika.