Maillard na sukari inayoshika protini

Kila chapati inayogeuka kahawia kikaangoni ina habari ya Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard. Niliposoma ugenini nilidhani ni moto tu unaounguza unga.

Alizaliwa mwaka 1878 Pont-à-Mousson, mji wa Lorraine usio mbali na mpaka uliowekwa na Ujerumani baada ya vita ya 1870. Watu wa mpakani kama sisi. Alisoma Nancy, akapata udaktari wa tiba mwaka 1903, kisha akaenda Paris. Huko alitafuta jinsi asidi amino zinavyoungana kuwa protini. Mwaka 1912 alipasha moto glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, pamoja na glukosi ndani ya maji. Mchanganyiko ukawa kahawia na kutoa kaboni dioksidi. Hapakuungua kitu: sukari ilikuwa imeishika asidi amino. Maillard akaona kuwa jambo hilo halihusu jiko tu, linahusu na mwili wa binadamu.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia alihamia Algiers, akafundisha huko miaka mingi. Alifariki ghafla Paris mwaka 1936, akiwa na miaka 58.

Mwaka 1968 daktari Samuel Rahbar wa Iran alikuta hemoglobini iliyobadilika katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Baadaye ikajulikana kuwa imeshikwa na sukari, vilevile kama katika chombo cha Maillard, ila polepole na bila moto.

Na hapa ukungu unaingia. Aspergillus, jamii ya ule unaoharibu karanga na mahindi yetu ghalani, ina vimeng'enya vinavyoitenganisha sukari na asidi amino. Kazi hiyo huzalisha hidrojeni peroksidi, nayo hubadilisha rangi ya dawa ya maabara. Baadhi ya vipimo vya kisukari hutumia vimeng'enya hivyo: kwanza hemoglobini hukatwa vipande, kisha rangi husomwa.

Nawajua wafanyabiashara wanaoacha sukari kwenye chai siku mbili kabla ya kwenda kupima, wakarudi wakisema wamepona. Kipimo cha kidole hudanganyika hivyo. Hemoglobini haidanganyiki, maana chembe nyekundu huishi siku kama 120 na alama ya sukari hubaki nayo. Muulizeni daktari kipimo cha miezi mitatu. Hata kufunga kula si lazima.