MAISHA YA BIBI MWANA KUPONA BINTI MSHAMU NA WASIA WAKE WA NYUMBA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Watu wengi hudhani kuwa ilimu ya kutunza nyumba ni jambo dogo lisilostahili kuandikwa, na hali nyumba nyingi huanguka kwa kukosekana ilimu hiyo. Chumo dogo likitiwa katika mkono wenye mpango hutosha, na mali nyingi ikitiwa katika mkono usio na mpango huisha kabla mwezi haujaandama. Kwa hivyo tumependa kuwaeleza ndugu zetu wa Arusha na wa pande zote za Mlima Meru maisha ya bibi mmoja wa pwani, aliyeiona kazi ya nyumba kuwa ni ilimu na akamrithisha mwanawe kwa maandishi.

KUZALIWA KWAKE

Bibi huyu ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kilicho karibu na Lamu katika pwani ya Kenya, yapata mwaka wa 1810. Pate ilikuwa nchi ya majumba ya mawe, yenye zidaka kutani za kuwekea vyombo vya thamani. Lakini bibi huyu alipokuwa mtoto mdogo, kiasi cha mwaka wa 1812, watu wa Pate na wenzao wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na nguvu za Pate zikaendelea kupungua. Basi alikulia mahali ambapo kuta zilikuwa bado ni za fahari na dola imekwisha kulegea. Aliyekulia mahali kama hapo hahitaji kuambiwa kuwa mali ni kivuli chenye kuhama.

KUOLEWA KWAKE

Aliolewa na Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate, naye alikuwa mkewe wa mwisho. Siyu ulikuwa mji wa mafundi: mafundi wa ngozi, na waandishi walionakili Misahafu kwa khati nzuri. Bwana Mataka hakukubali kutawaliwa na Seyyid Said bin Sultan wa Zanzibar, akapigana naye miaka mingi, na katika miaka ya 1840 jeshi la Seyyid lilishindwa Siyu na amiri wake akauawa. Basi nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa ni nyumba ya mtawala, na tena ni nyumba ya vita. Na mwenye kutunza nyumba wakati wa vita hapati nafasi ya kufuja.

Katika mwaka wa 1856 Bwana Mataka alifariki, na mwaka huo huo Seyyid Said naye akafariki. Wapinzani wawili wakaondoka pamoja, na mjane akabaki na watoto wake. Mmoja wao ni binti aliyeitwa Mwana Hashima.

UTENDI WAKE

Katika mwaka wa 1275 Hijriya, ndio 1858, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Mwanawe alikuwa na umri wa kiasi cha miaka 17. Mama aliyejiona karibu na kufa, na mume hayupo wa kumlinda binti, alikuwa na khofu ambayo kila mzazi huijua: mtoto huyu nitamwachia nini? Hakuhisabu dhahabu wala mashamba. Alimwita aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti zaidi ya mia, akaufananisha wasia wake na hirizi na kidani cha kujipamba.

Alimwanzia kwa dini, kisha adabu na ulimi wa kweli. Akamtajia haki za Mwenyezi Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume. Kisha akaingia ndani ya nyumba: iwe safi, na mume akute raha na manukato. Na mwenye haja apitapo mlangoni asidharauliwe, bali apewe kwa kadiri iwezekanavyo. Alipokwisha kumuusia akamwelekea Mola wake kwa dua ndefu, akiwaombea watoto wake na jamaa zake, na akijiombea afya.

HUKUMU YA SHARIA KATIKA JAMBO HILI

Ewe ndugu msomaji, hapa pana jambo la kutahadhari. Wako wanaume waliousikia utendi huu wakaufanya fimbo, wakidai kuwa mke ni mtumishi aliyelipiwa mahari. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii sivyo. Kupika, kufagia na kufua si wajibu wa mke kwa hukumu ya nikahi. Akifanya ni ihsani yake, naye ana thawabu. Aliye wajibishwa ni mume. Imamu Nawawi katika Minhaji ameeleza nafaka ya kila siku: mudi mbili kwa tajiri, moja na nusu kwa mtu wa kati na moja kwa fakiri. Na gharama ya kuisaga na kuioka ni juu ya mume, na vile vile chungu, bakuli, kopo na mtungi, hata chanuo na mafuta ya kichwa. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake na akishona viatu vyake mwenyewe.

Basi wasia wa Mwana Kupona ni wasia wa mama kwa binti yake, amfundishe ihsani. Si hati ya mume ya kudai. Mume asiyeleta nafaka kisha akamlaumu mkewe kwa ufujaji, huyo amemdhulumu mara mbili.

KUFA KWAKE

Alifariki miaka michache baada ya utendi wake. Mwana Hashima aliishi miaka mingi baadaye. Utendi ukanakiliwa kwa herufi za Kiarabu mkono kwa mkono, na mwaka wa 1934 ukapigwa chapa Uingereza kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens. Dola ya Siyu imekwisha, na wasia wa mjane bado wasomwa.

MAMBO YA KUIGWA KATIKA NYUMBA ZETU

Mwana Kupona alikusanya usafi, mpango na ukarimu. Nasi tutaje machache yawezekanayo Arusha bila ya gharama.

Kwanza, chungu cha konzi. Kila apimapo mchele au unga wa kupika, mpishi atoe konzi moja aitie katika chungu cha pembeni. Mwisho wa mwezi ni konzi thalathini: nusu iwe akiba ya siku ya dhiki, na nusu apewe maskini wa jirani.

Pili, kapu la majani ya migomba. Migomba ya Meru haikosi majani makavu. Kapu kubwa lijazwe majani hayo chini na pande zote. Maharage yarowekwe usiku kucha, yamwagwe maji, yachemke sana nusu saa katika maji mapya. Kisha sufuria ifunikwe na kuzikwa katika kapu, juu iwekwe mto wa majani. Yataendelea kuiva kwa moto wake wenyewe saa kadha wa kadha, kisha yarudishwe jikoni yachemke tena mpaka yalainike. Kuni au makaa yaliyobaki ni faida.

Tatu, kanga zilizochakaa. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yetu ni kali. Blanketi lililotoboka livishwe kanga mbili kuukuu, moja juu na moja chini, zishonwe pande nne, kisha zipitishwe mishono katikati ili lisikusanyike. Litamfunika mtoto miaka mingine.

Nne, majivu yaliyochekechwa na gunzi la hindi husafisha masufuria, na maji yaliyooshea mboga yamwagiwe mchicha.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni ubakhili. Qurani katika Suratul Furqan imewasifu wasiofuja wala wasiobana, wakawa baina ya hayo. Bakhili hujiwekea ili asitoe. Mwenye mpango hujiwekea ili awe na cha kutoa. Tofauti yao huonekana maskini apigapo hodi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Mwana Kupona, na azitie baraka nyumba zetu na riziki zetu. Amin.