SAYYID BARGHASH NA MERIKEBU ZAKE

Huenda msomaji akauliza kwa nini kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, chama cha wakulima wa kahawa wa mlimani, kimempa nafasi Sultani wa Unguja. Sababu ni nyepesi. Kahawa yetu ikishatoka mikononi mwetu haina njia ila kuteremka pwani na kupakiwa melini, na mwenye meli ndiye akataye nauli. Sayyid Barghash aliyatambua hayo kabla mibuni haijaenea katika vihamba vyetu.

Barghash bin Said alikuwa mmoja wa wana wa Sayyid Said. Baba yao alipofariki mwaka 1856 kiti cha Unguja kilikaliwa na nduguye, Majid. Barghash hakuridhika; mwaka 1859 aliasi, akashindwa kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza, akapelekwa Bombay. Alikaa huko kama miaka miwili katika mji wa bandari kubwa, wala hatudhani kwamba macho yake yalikuwa yamefumba. Oktoba 1870 Majid alifariki, naye akatawala.

Tarehe 15 Aprili 1872 dhoruba kali iliipiga Unguja. Mikarafuu mingi iling'oka, na karibu vyombo vyote vya Sultani vilivyokuwa bandarini vilizama au kuvunjika. Mwaka huo huo kampuni ya Kiingereza ya British India ilianza kuleta meli za barua. Mwaka uliofuata, akitishwa kuzingirwa kwa manowari, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Tusifiche: utajiri wa Unguja ulikuwa umesimama juu ya jasho la watumwa, na Barghash hakuuacha kwa hiari.

Basi akabaki na visiwa visivyo na vyombo, na biashara iliyotegemea meli za wageni. Akaamua kununua merikebu za moshi zake mwenyewe. Miongoni mwake ilikuwa Nyanza, aliyoinunua mwaka 1880. Zilisafiri baina ya Unguja na Bombay kwa nauli nafuu, na mahujaji maskini walichukuliwa bure. Mwenye shehena sasa alikuwa na milango miwili ya kubisha. Mkulima aliyewahi kuuza kwa mnunuzi mmoja tu hahitaji kuelezwa tofauti yake.

Lakini lipo jambo ambalo sisi wanachama hatuwezi kulipita. Merikebu zile hazikuwa mali ya watu wa Unguja na Pemba, zilikuwa zake. Hazina ya Serikali na mfuko wa Sultani vilikuwa kitu kimoja. Hapakuwa na mkutano mkuu wala mkaguzi wa hesabu, na mpakiaji hakuwa na pa kupeleka lalamiko ila barazani kwake.

Mkono wake ulifika hata huku kwetu. Mwaka 1885 alimtuma jemadari wake, Lloyd Mathews, Kilimanjaro, na Mangi Rindi wa Moshi pamoja na Wamangi wengine wakakubali kuwa chini ya Sultani. Haukupita muda Mjerumani Jühlke akafika, akafanya mapatano yake na Mangi yule yule. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wao kwa wao, wakamwachia Barghash visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi.

Alifariki Machi 1888. Manowari yake, Glasgow, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikaonekana juu ya maji ya bandari kwa miaka mingi. Safari za Pemba ziliendelea kuhudumiwa na meli za Serikali ya Unguja wakati wa Waingereza. Na mwaka 2015 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipokea MV Mapinduzi II, iliyonunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya njia ile ile.